Kutafuta wadhamini na wafadhili wa shughuli ya wanafunzi: mwongozo kamili kwa kamati

Barua nyingi za wanafunzi zinazofika kwenye kampuni zinafanana. Ukurasa wa kwanza ni historia ya klabu, wa pili ni malengo saba, na mwishoni kabisa kuna sentensi inayoomba "mchango wowote mtakaojaliwa". Anayeipokea hana cha kuamua: hajui atoe kiasi gani, kwa lini, wala kitu gani kitakwama asipotoa. Barua inabaki mezani mpaka tarehe ya shughuli inapita. Kamati inayopata huomba kitu kimoja chenye bei, kwa mtu mwenye mamlaka ya kukitoa, kabla bajeti yake haijakwisha.

Hapa tutatumia mfano mmoja mwanzo hadi mwisho: klabu ya wanafunzi wa udaktari na uuguzi katika chuo kikuu cha Tanzania, inayotaka kuwapima watu 400 presha na sukari bila malipo kwa siku mbili katika mtaa wa jirani. Kama shughuli yenu ni kongamano, bonanza au safari ya mashindano, badilisheni vitu vinavyoombwa. Hatua hazibadiliki.

Tarehe kwanza, halafu ruhusa

Tarehe ya shughuli ndiyo inayoamua kama mtapata wadhamini au la, kwa hiyo msiichague kwa sababu ukumbi uko wazi. Upimaji wa presha una siku yake, tarehe 17 Mei, Siku ya Shinikizo la Damu Duniani. Iko ndani ya muhula wa pili na kwa kawaida kabla ya mitihani ya mwisho wa mwaka. Siku ya Kisukari Duniani, 14 Novemba, inavutia pia, lakini inaangukia pale mwaka wa masomo unapoanza: kamati ya zamani imetawanyika na mpya haijakaa hata kikao kimoja. Anayeitaka Novemba afanye kazi yote kabla ya likizo ya Julai.

Chukueni wikendi iliyo karibu na 17 Mei, kisha hesabuni wiki 14 kurudi nyuma. Mnafika mwanzoni mwa Februari. Kwa kampuni ambazo mwaka wao wa fedha ni Januari hadi Desemba, zikiwemo benki, huo ni wakati mzuri: bajeti mpya imefunguliwa na haijaguswa sana. Vodacom Tanzania hufunga hesabu 31 Machi, kwa hiyo ombi linalofika mwezi Machi linakuta mfuko umekauka, ilhali la Aprili linakuta mpya. Serikali na taasisi zake huanza mwaka 1 Julai. Kabla ya kuandika barua yoyote, ulizeni mapokezi au mtu wa masoko swali moja tu: mwaka wenu wa fedha unaanza mwezi gani?

Ruhusa zinafuata, na zinatangulia maombi. Zinahitajika nne kwa mfano wetu:

- Barua ya Mshauri wa Wanafunzi inayoitambua klabu na kuruhusu kuomba michango kwa jina la chuo. Bila hii, simu moja ya kampuni kuuliza chuoni inaweza kuwamaliza.
- Ridhaa ya Mganga Mkuu wa Wilaya. Atataka kujua daktari mwenye leseni atakayesimamia, kituo cha afya ambako watakaokutwa na matatizo watapelekwa, na taka zenye ncha kali zitateketezwa wapi.
- Barua kwa Mtendaji wa Kata na mwenyekiti wa mtaa, ambao pia ndio watakaowatangazia wananchi.
- Saini ya mlezi wa klabu, yaani mhadhiri, katika kila barua inayotoka.

Wiki tatu si nyingi kwa hizo zote. Zinapokamilika, changanueni nakala ziwe faili moja la PDF, kwa sababu kila mfadhili makini ataziulizia.

Bajeti ya vitu

Andikeni idadi kabla ya bei. Kwa watu 400 orodha inakuwa hivi:

- Stripu za kupimia sukari: boksi 9 za stripu 50, jumla 450. Hizo 50 za ziada ni za zile zinazoharibika, maana damu isipotosha mashine hukataa na stripu imeshakwenda.
- Mashine za sukari 4, za aina ileile ya stripu.
- Mashine za presha 4, mikanda miwili mipana kwa wenye mikono minene, na betri za akiba.
- Lanseti, yaani sindano ndogo za kutobolea kidole: boksi 5 za 100.
- Glavu: jozi kwa kila anayetobolewa ni glavu 800, sawa na boksi 8 za 100, ongezeni moja.
- Pamba, spiriti, na makasha magumu ya kutupia sindano.
- Mahema 3, viti 100, meza 8.
- Milo 70: wahudumu 35 kwa siku mbili. Na maji.
- Fulana 40.
- Fomu 450 za majibu na rufaa.
- Bango moja la lango, spika, na gari la matangazo kwa nusu siku.
- Dizeli ya basi la chuo, posho ya madaktari wawili wasimamizi, vocha, makato ya miamala.
- Dharura, asilimia 10 ya jumla.

Kwa kila kitu chukueni profoma tatu, yaani ankara za awali zinazoonyesha bei, kutoka maduka tofauti na muweke bei ya katikati. Profoma ina kazi mbili: inathibitisha kwamba hamkukisia, na inawafikisha kwa mwenye duka, ambaye huyohuyo anaweza kuwa mdhamini.

Stripu zinastahili uangalifu kuliko kitu kingine chochote katika orodha hiyo. Stripu za kampuni moja haziingii kwenye mashine ya nyingine, kwa hiyo mtu anayejitolea "stripu tu" anaweza kuwaachia boksi 9 zisizo na kazi. Angalieni tarehe ya kuisha muda: bidhaa inayogawiwa bure mara nyingi ni ile inayokaribia kuharibika. Hakikisheni mashine zote zinasoma kipimo kimoja, maana moja ikitoa majibu kwa mmol/L na jirani yake kwa mg/dL, mwandishi wa fomu atavuruga majibu ya nusu ya foleni. Na msiziache ndani ya gari lililofungwa juani. Nyingi hutakiwa zisizidi nyuzi joto 30.

Orodha ikishakamilika, igaweni mara mbili: kinachoweza kutolewa kama kitu, na kinachohitaji fedha taslimu. Hapa taslimu ni dizeli, posho, vocha, makato ya miamala na dharura tu. Mengine yote yanaombwa kama vitu. Mwenye duka hutoa bidhaa kwa bei aliyonunulia, ambayo kwake ni ndogo kuliko inavyoonekana kwenye profoma yenu. Zaidi ya hapo, vitu havipiti kwenye akaunti ya chuo.

Fedha zitapita wapi

Mkifungua akaunti ya klabu benki, mtaombwa katiba, muhtasari wa kikao kilichowateua watia saini, barua ya chuo, na vitambulisho na picha za watia saini hao. Wekeni watatu, wawili wakitosha kutoa, na mmoja awe mlezi. Kwa kuwa viongozi hubadilika kila mwaka, andikeni kwenye katiba namna ya kubadilisha saini; kuna klabu zina akaunti zenye fedha ambazo hakuna anayeweza kuzigusa kwa sababu watia saini wamehitimu na kuondoka.

Njia ya pili ni akaunti ya chuo. Katika vyuo vya umma mchangiaji hupewa namba ya malipo ya serikali, analipa, na fedha inaonekana. Usalama wake ni mkubwa na wafadhili wengi huipenda. Tabu iko kwenye kuitoa: dokezo, idhini, kisha masurufu, yaani fedha ya matumizi inayotolewa kabla na kurejeshewa risiti, yanayotoka kwa jina la mtumishi, ambaye asiporejesha risiti za masurufu ya zamani hapewi mapya. Wekeni wiki nne katikati ya fedha kuingia na fedha kutumika. Kwa michango midogo ya wanachama wenyewe, huduma za vikundi kwenye simu kama M-Koba zinafaa, kwa kuwa kutoa fedha kunahitaji idhini ya zaidi ya mtu mmoja.

Namba binafsi ya mwekahazina isitokee kwenye barua yoyote, hata kama ni mwaminifu kuliko wote chuoni. Mfadhili hamjui.

Nani aombwe nini

Kuna watoaji wa aina tatu na kila aina ina meza yake. Wa kwanza anataka kuonekana: fedha zake zinatoka idara ya masoko, na swali lake ni watu wangapi wataona jina lake. Wa pili anataka kuona jamii imenufaika: ana fungu la uwajibikaji kwa jamii au la miradi midogo, na swali lake ni nani atanufaika na mtathibitishaje. Wa tatu ni mtu binafsi, mhitimu wa chuo, mhadhiri, mzazi au mfanyabiashara wa mtaani, na yeye huangalia zaidi nani amemwomba.

Wanafunzi huanza na wakubwa. Hilo ndilo kosa linalopoteza muda mwingi kuliko yote. Benki za NMB na CRDB, kwa mfano, zimekuwa zikitangaza kutenga asilimia 1 ya faida baada ya kodi kwa ajili ya jamii, na fungu hilo ni kubwa kweli. Lakini tazameni linakokwenda: madawati, mabati, vitanda vya hospitali, yaani vitu vinavyobaki na kuhesabika kwenye shule na vituo vya umma. Shughuli ya siku mbili hailingani na mtindo huo. Ombi linalolingana ni la mashine 4 za presha zitakazokabidhiwa zahanati ya mtaa baada ya upimaji. Liandikwe hivyo, na lipitie kwa meneja wa tawi lililo karibu na chuo, maana tawi hilo linahitaji wateja wanafunzi na meneja anaweza kulisemea ombi makao makuu.

Balozi nyingi zina mifuko ya miradi midogo, ila kwa kawaida hutaka taasisi iliyosajiliwa kisheria na hufungua maombi kwa msimu. Klabu ipite chini ya asasi iliyosajiliwa au ichague njia nyingine. Asilimia 10 ya mapato ya halmashauri kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu msiikimbilie: ile ni mikopo ya vikundi vya uzalishaji, inarejeshwa.

Anzeni na walio ndani ya kilomita tano. Duka la jumla la dawa kwa stripu, lanseti na glavu. Mkodishaji mahema, ambaye kwenye wikendi isiyo na harusi mahema yake yamelala stoo. Mama ntilie watatu wanaouza chakula chuoni, kila mmoja milo 20 hadi 25. Steshenari inayochapa kazi zenu mwaka mzima, kwa fomu. Kiwanda au wakala wa maji. Chuo chenyewe kwa basi. Kwa kawaida hutoa basi na dereva, mafuta ni juu yenu.

Kwa kila kitu andikeni majina matano. Pangeni kana kwamba mmoja kati ya watano atakubali. Wakizidi, mtakuwa na pa kupunguzia. Majina yote yaingie kwenye jedwali moja lenye safu za jina, kitu, aliyepewa kumfuatilia, tarehe ya barua, jibu, na hatua inayofuata. Jedwali lisipokuwepo, wanachama wawili watapeleka barua mbili tofauti kwa kampuni moja, moja ikiomba maji na nyingine ikiomba milioni mbili, na zote zitatupwa.

Kuna wa kuwakataa pia, na uamuzi huo ufanywe kwenye kikao kabla hajatokea mtu na bahasha. Kampuni ya soda kwenye upimaji wa kisukari ni kichekesho. Kama inauza na maji, iombeni maji, na makubaliano yaseme bango ni la maji. Pombe na sigara msiguse. Kampuni za kubashiri matokeo hutoa haraka na nyingi, lakini ulizeni chuo kwanza. Mwanasiasa anaweza kuchangia kama mtu binafsi, fulana za chama zisiingie viwanjani. Msiuze tiketi za bahati nasibu kujazia bajeti bila kibali: huo ni mchezo wa kubahatisha na unasimamiwa na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha. Mwezi wa Ramadhani wafanyabiashara wengi Waislamu hutoa kwa ukunjufu, ila zaka ina wanaostahiki wake maalumu, msiiombee fulana.

Barua ya ukurasa mmoja

Kwa maduka, ofisi za serikali na kampuni za ndani, andikeni Kiswahili. Kichwa cha barua cha klabu, kumbukumbu namba, tarehe, cheo na jina la anayeandikiwa. Jina lisipojulikana, pigeni simu muulize. Barua ya "Kwa yeyote anayehusika" haimhusu mtu. Mwili wake uwe kama huu:

YAH: OMBI LA BOKSI 9 ZA STRIPU KWA UPIMAJI WA SUKARI BILA MALIPO

Klabu yetu, inayotambuliwa na Ofisi ya Mshauri wa Wanafunzi, itawapima presha na sukari wakazi 400 wa Mtaa wa ……. tarehe ……. Mganga Mkuu wa Wilaya ameridhia (barua imeambatishwa) na madaktari wawili watasimamia.

Tunaomba duka lako lituchangie boksi 9 za stripu aina ya ……., ambazo kwa profoma iliyoambatishwa ni shilingi ……. Mahema, basi na chakula tayari vimepatikana.

Jina la duka litawekwa kwenye bango la lango na mgongoni mwa fulana 40. Ndani ya wiki mbili baada ya shughuli utapokea ripoti ya idadi ya waliopimwa na stripu zilizotumika.

Tutapiga simu Jumanne tarehe ……. saa 4 asubuhi ili kupata jibu lako.

Sentensi ya "vimepatikana" ina nguvu kuliko aya nzima ya malengo, kwa sababu hakuna anayependa kuwa wa kwanza kuingia kwenye jambo linaloweza kufa. Ndiyo maana huanza kuombwa vitu rahisi, basi na mahema, halafu vya gharama. Isiandikwe kama si kweli. Miji yetu ni midogo na wafanyabiashara wanajuana.

Msiahidi jina la duka la dawa kwenye fomu ya rufaa. Mgonjwa ataliona na kuelewa kwamba ameelekezwa akanunue dawa huko, na Mganga Mkuu akiiona mna maelezo ya kutoa. Vilevile orodha ya majina na simu za waliopimwa haitolewi kwa mdhamini yeyote, hata akiiita "takwimu": Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inahusika hapo, achilia mbali siri ya mgonjwa.

Pelekeni nakala mbili. Moja inabaki, nyingine inagongwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Kwenye ofisi za serikali barua inapita masjala. Chukueni namba ya faili, maana bila hiyo mtazungushwa kila mkirudi. Kwa mwenye duka, nendeni wawili, asubuhi kabla wateja hawajajaa, si Jumatatu wala mwisho wa mwezi.

Kufuatilia

Siku mliyoahidi kupiga, pigeni. Maneno yawe machache: "Shikamoo mama. Naitwa ……., kutoka klabu ya wanafunzi ya ……. Wiki iliyopita tulikuletea barua ya kuomba stripu. Naomba kujua kama umepata nafasi ya kuipitia." Kisha nyamazeni asikike yeye. Akisema boksi 9 ni nyingi, muulizeni angeweza ngapi. Boksi 3 za maduka matatu ni 9, mradi zote ni za aina moja.

"Tutawasiliana" bila tarehe ni hapana ya kiungwana. Pigeni mara mbili zaidi, zikipishana wiki moja, kisha mhamie jina linalofuata. "Ngoja tukae kikao" ni tofauti: ulizeni kikao ni lini na kama kuna karatasi ya ziada wanayoihitaji.

Michango ya watu binafsi ikusanyeni kwa kadi na kundi la WhatsApp, kama michango ya harusi, ila orodha inayobandikwa ionyeshe mafungu mawili: ahadi na kilichopokelewa. Ahadi haitumiki kulipia kitu hata ikiwa imeandikwa kwa herufi kubwa. Kwa wanafunzi wenzenu, kusanyeni wiki bumu, yaani fedha ya kujikimu ya mkopo, linapoingia. Wiki tatu baadaye hakuna mwenye kitu.

Wiki tatu kabla ya shughuli kamati ikae na jedwali na kuamua. Stripu zikiwa boksi 6, basi mtapima watu 270 na matangazo yaseme hivyo. Kupunguza idadi mapema hakuharibu kitu. Foleni ya watu waliofunga kula tangu usiku wakaambiwa stripu zimekwisha huharibu jina la klabu, la chuo na la kila aliye kwenye bango.

Akikubali

Andikeni makubaliano ya ukurasa mmoja: anatoa nini, kinafika lini na wapi, ninyi mnamfanyia nini. Kama mmoja ameomba awe peke yake katika biashara yake, iandikwe, maana mitandao miwili ya simu kwenye bango moja ni ugomvi. Ombeni nembo kama faili halisi la mchoraji, si picha ya WhatsApp, ambayo ikikuzwa kwenye bango la mita tatu inakuwa ukungu. Kabla ya kuchapa, mtumieni mfano na mpate "sawa" yake kwa maandishi.

Kitu kinapofika, kihesabuni mbele ya aliyekileta, kisha pande zote zisaini hati ya makabidhiano yenye idadi, aina na tarehe ya kuisha muda. Fedha taslimu hupewa risiti ya klabu yenye namba siku hiyohiyo. Siku ya shughuli, mtu mmoja kazi yake iwe kupiga picha za kila bango na kila kitu kilichotolewa kikitumika. Nyuso za wanaopimwa zisionekane bila ridhaa yao.

Ripoti

Kurasa mbili, ndani ya siku 14. Idadi ya waliopimwa, wangapi walipewa rufaa, jedwali la vilivyopokelewa na vilivyotumika, kilichobaki na kilikokwenda, picha nne. Kama stripu 38 na glavu nusu boksi zimebaki na zimepelekwa zahanati, hati ya makabidhiano yenye muhuri wa zahanati iambatishwe. Upungufu usifichwe: kama mlipanga 400 na wakaja 310 kwa sababu ya mvua, andikeni 310 na mvua.

Mwenye duka apelekewe ripoti mkononi, na picha moja iliyochapwa ya bango lenye jina lake. Wengi huibandika dukani. Waliokataa nao wapelekewe nakala, bila lawama, na barua fupi ya kushukuru kwa muda wao. Majina ya wote yarudi kwenye jedwali na tarehe ya kuwaona tena: kampuni za Januari hadi Desemba zitembelewe Septemba na Oktoba, zinapoandaa bajeti ya mwaka unaofuata, na aende mwanakamati ambaye mwakani bado atakuwa chuoni.